Alama 144 za Kuwa Daktari

Jumatatu, 6 Aprili 2026

Jumatatu ya Pasaka. Kichwa kinaniuma, na si kwa sababu ya sherehe. Jana nilisema uongo mbele ya watu tisini. Au sikusema uongo. Jambo hili linahitaji kupimwa kwa utulivu.

Mazingira: ukumbi wa parokia, Upper Marlboro, Maryland, chakula cha Pasaka cha jumuiya yetu ya Waswahili. Pilau imekwisha. Bwana Kalisti, mwenyekiti, amesimama na kipaza sauti kutaja baraka za mwaka. Akamtaja Nyaguthii, Mkenya anayeimba nasi kwaya, kwamba amepandishwa kuwa muuguzi mkuu katika nyumba ya wazee kule Falls Church. Vigelegele. Nyumba hiyo hiyo ndimo ninamofanya kazi mimi, mwaka wa kumi na moja sasa, kuwaogesha wazee na kuwageuza vitandani. Mimi, mwenye shahada ya elimu ya mimea! Kisha Kalisti akauliza kama kuna mwingine mwenye baraka.

Nikajikuta nimesimama. Nikasema ninakwenda India kusomea udaktari wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindi, miaka mitano na nusu, na kwamba alama zangu zinatosha.

Ukweli ni huu. Mzee wa chumba namba tisa, mtu wa Kerala, kusini mwa India, ambaye ukoo wake ulikuwa ukipika mafuta ya dawa, aliisifu mikono yangu nilipokuwa nikimsugua magoti. Akanieleza kwamba kwao tiba hiyo ni shahada kamili, yenye mtihani wa kuingilia. Mwezi wa pili nikajiandikisha. Kituo nilichopangiwa kiko Dubai, mwanzoni mwa Mei. Juzi nikaona kwenye tovuti moja alama za chini za mwaka jana: 144 kati ya 720. Sehemu moja ya tano! Nikajiambia kwamba msomi hawezi kukosa sehemu moja ya tano ya kitu chochote. Kwa hiyo neno "zinatosha" lilikuwa makadirio. Wasomi hukadiria.

Lakini Kalisti alinipigia saluti na kuniita Daktari. Watu tisini wakapiga makofi. Nina miaka arobaini na minne. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niseme wazi: nilitaka kulia.

Jumanne, 7 Aprili

Nyaguthii aliniita ofisini kwake. Ofisi! Wiki tatu tu zimepita tangu alipokuwa akila ugali kwenye kiti cha plastiki kama sisi.

Akaniambia niketi. Akanisukumia fomu. Alisema nyumba itampeleka mhudumu mmoja kwenye chuo cha uuguzi, kazi ikiendelea, na kwamba jina la kwanza aliloliweka ni langu. Kuna mtihani mdogo wa kuingilia. Fomu irudi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na saba. "Hii nafasi ni moja tu, Domina. Hiyo India wachana nayo kwanza. Utaenda huko miaka sita, urudi hapa hawakutambui, bado uoshe wazee. Kwani uko na shida gani na unesi?"

Nilimshukuru, nikamwita Mama Audrey kwa sauti ya upole, nikatoka.

Njama iko wazi. Anataka niwe chini yake maisha yangu yote, tena kwa cheti. Yawezekana, bila shaka, ana nia njema. Nimeipima hoja hiyo kwa haki kuanzia chumba namba moja hadi namba kumi na nne. Niliikuta ina mapengo.

Jioni nilifanya mtihani wa majaribio kwenye intaneti. Maswali mia moja na themanini. Niliyajibu yote, nikabakiza dakika ishirini. Matokeo: 60.

Hitilafu ya mtambo, nadhani.

Fomu ya Nyaguthii ina karatasi nzito. Nimenakili kanuni za Fizikia mgongoni mwake.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilikwenda Woodbridge kwa siri kumwona Audrey, binti wa Nyaguthii, anayesoma sayansi chuoni na aliyekubali kunifundisha kwa sharti kwamba asiulizwe habari za ndoa. Saa moja na nusu kwenye barabara ya 95, mita kwa mita. Mama yake alikuwa zamu. Niliyahakikisha hayo, ratiba ya zamu imebandikwa jikoni.

Nilimwonyesha matokeo yangu. Audrey husikia kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza. Alisoma muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu, Auntie, kwa nini umejibu hata swali ambalo picha yake haikufunguka?

Nikamwambia nilichagua C.

Akaniuliza kwa nini C.

Nikamweleza malezi yangu. Shule ya wasichana, Bukoba. Sista aliyetufundisha Kemia alisema swali lililoachwa wazi ni dhambi ya uvivu na pia ya kiburi. Andika chochote! Msahihishaji naye ni mzazi, atakuonea huruma. Tulijaza kila mstari. Rafiki yangu mmoja, hajui kitu, aliandika Baba Yetu, akapewa alama mbili.

Audrey akanigeuzia kompyuta. Katika mtihani huu jibu sahihi huleta alama nne. Swali lililoachwa wazi halileti kitu wala halichukui kitu. Jibu baya hunyang'anya alama moja. Nilikuwa nimepata maswali arobaini na manane, alama 192. Kisha nikajinyang'anya mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa bidii, alama 132.

Mtihani usio na huruma! Nani alitunga kitu kama hicho? Nilirudi Falls Church. Miaka kumi na mitatu ya shule, na kumbe kila siku nilikuwa nikifundishwa namna ya kushindwa jambo hili moja.

Jumamosi, 11 Aprili

Kamati imekuja.

Sikuialika. Kalisti, katibu, mweka hazina, mama wawili wa kamati ndogo ya chakula. Walijaa sebuleni kwangu hadi Vumilia, binamu yangu ninayeishi naye, akakaa juu ya friji ndogo. Wametangaza sherehe ya kuniaga: Jumamosi, tarehe ishirini na tano. Ukumbi umepatikana. Keki imeagizwa.

Nilijaribu njia ya busara. Nikasema ingefaa tungoje kwanza barua ya chuo. Kalisti akaweka mkono kifuani, akasema, "Daktari, unyenyekevu huo ndio tunaokupendea." Nikasema mtihani wenyewe bado. Wakacheka sana. Mama mmoja akasema madaktari ni watu wa mizaha.

Kisha wakafunua kitenge. Sare! Rangi ya binzari, kwa heshima ya India. Wanawake arobaini wameshapeleka vipimo, na fundi wa Woodbridge ameshaanza kukata.

Nimewahi kuona harusi ikiahirishwa. Nimeona hata msiba ukisogezwa mbele kwa ajili ya tiketi za ndege. Sijawahi, tangu nizaliwe, kuona sherehe ikifutwa baada ya kitenge kukatwa.

Vumilia alinitazama kutoka kwenye friji. Anajua ile 60. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 12 Aprili

Mpango mpya. Sitajibu swali lolote nisilokuwa na hakika nalo.

Mkono umekataa. Kila nilipofika kwenye swali la sumaku, kidole kilijongea chenyewe kuelekea C, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi. Nikamweka Vumilia ubavuni na mwiko wa ugali, nikamwamuru anipige kila nikikisia. Alipiga. Aliomba radhi mara mbili za kwanza; baadaye nadhani alianza kufurahia. "Dada, umekisia tena, nimekuona machoni!"

Baada ya nusu saa nilitulia. Nikaanza kujiuliza kwa dhati, swali baada ya swali: je, nina hakika? Moyo una vyumba vinne. Hakika? Kuna wanyama wenye vitatu. Swali halikutaja mnyama. Nikaliacha. Usanisinuru hufanyika kwenye majani. Nimesoma jambo hilo miaka mitatu, lakini dungusi kakati, ule mmea wa miiba usio na majani, je? Nikaliacha pia.

Saa tatu zilipokwisha nilikuwa nimejibu maswali kumi na moja. Tisa sahihi, mawili mabaya. Alama 34.

Kwa hiyo nikikisia napata 60, na nikifikiri napata 34. Sitaki kutoa hitimisho.

Jumanne, 14 Aprili

160!

Naandika tena: mia moja na sitini! Niliacha Fizikia yote, nikaacha Kemia yote, nikashika Baiolojia peke yake, na Vumilia alikaa na mwiko mkononi bila kuutumia ila mara tano. Maswali sitini, arobaini na manne sahihi. Alama kumi na sita juu ya mpaka! Nilimkumbatia Vumilia. Nilimkumbatia mzee wa chumba namba tisa, ambaye alidhani ni zoezi la bega.

Nilimpigia Kalisti. Ndiyo, nilijua ingekuwa busara kungoja. Lakini kwa siku tisa mtu yule ameniita Daktari nami nimekuwa nikiona haya. Nilitaka asikie namba ya kweli. Akauliza, kati ya ngapi? Nikasema mtihani huu una mahesabu yake ya kitaalamu, si rahisi kuyaeleza kwa simu.

Baada ya dakika kumi ujumbe ukaingia kwenye kundi la jumuiya: "Daktari wetu amepata asilimia 160. Tumshukuru Mungu." Mikono ya sala sabini na moja.

Nyaguthii peke yake ndiye aliyeandika: "Asilimia ya nini?" Wivu. Nadhani ni wivu.

Jumatano, 15 Aprili

Ningependa siku hii iondolewe kwenye kalenda.

Nilimpigia Audrey kumpa habari njema. Akaniuliza kama nimesoma ukurasa wa pili wa ile tovuti. Nikamwambia ukurasa wa kwanza ulikuwa umenitosheleza.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemtoa mwingine kibanzi jichoni. Ile 144 si alama ya kuingia chuoni. Ni alama ya kuruhusiwa kusimama kwenye foleni. Wanaoipita ni mamia ya maelfu, na viti huanza kugawiwa kutoka juu. Katika chuo nilichokichagua, mtu wa mwisho kupata kiti mwaka jana alikuwa na mia nne na kitu.

Nikamuuliza, mwenye mia moja sitini je?

Akasema, Auntie, anasimama.

Anasimama! Kama mtu aliyepewa namba ya foleni kwenye benki iliyofungwa mwaka juzi. Na siku kumi tu zimebaki. Leo nimewaona mama wawili dukani, Route 7, wakilinganisha vilemba vya rangi ya binzari. Nilijificha nyuma ya magunia ya mchele hadi walipoondoka. Nilikaa dakika arobaini. Mmoja wao huchagua vitunguu kimoja kimoja.

Lakini nina hila moja. Mzee wa namba tisa ana jamaa anayefanya kazi katika ofisi ya udahili ya chuo hicho. Jioni tuliandika barua pepe pamoja. Niliomba chuo kitazame shahada yangu, umri wangu, na ile 160. Mzee alisisitiza kuongeza aya kuhusu magoti yake. Ilikuwa aya ndefu kuliko zote.

Ijumaa, 17 Aprili

Nyaguthii alipita mlangoni mwangu mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akasema, "Domina, leo ni leo. Saa tisa naifunga hiyo bahasha. Leta fomu, mama, hata kama hujajaza, tutajaza pamoja."

Fomu ilikuwa mfukoni, na mgongoni mwake kanuni kumi na tisa za Fizikia, zingine zimepata mafuta ya ufuta. Singeweza kumpa ile. Na zaidi: mtu aliyetangazwa Daktari mbele ya watu tisini atasainije fomu ya kuomba kuwa mwanafunzi wa unesi wiki moja kabla ya kuagwa? Watu wangesemaje? Barua ya India ingeweza kufika saa yoyote.

Basi nilifanya jambo la ukarimu. Nilimwita Vumilia, naye ni mhudumu kama mimi, miaka tisa mdogo kwangu, kidato cha nne basi. Nikamwambia ajaze yeye, ajaribu bahati, si vibaya kujifurahisha. Akauliza, "Dada, una hakika?" Nikamwambia kwamba hilo angalau nina hakika nalo.

Aliomba fomu safi kwa Nyaguthii. Nilisikia mlango wa ofisi ukifungwa, na hapo, bila sababu yoyote ninayoweza kuitaja, nikatamani kubisha.

Sikubisha. Kulikuwa na mzee wa kugeuza.

Jumatatu, 20 Aprili

Barua imekuja! Nimeisomea koridoni, mbele ya chumba namba tisa.

Wanashukuru. Wanasema mwombaji wa kigeni kama mimi, kwa utaratibu wa chuo chao, hatakiwi kuleta alama za mtihani ule. Hata moja. Wageni huingia kwa mlango mwingine.

Nilicheza. Nilicheza dakika nne, na mzee alipiga makofi akiwa kitandani. Wiki mbili za majaribio, mwiko, 60, 34, 160, foleni, vyote havikuhitajika! Mlango mwingine!

Kisha nikasoma sentensi ya mwisho. Wageni huleta cheti cha kidato cha sita chenye masomo matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia.

Nimeketi juu ya kikapu cha mashuka.

Kwa kadiri ninavyokumbuka, nilisoma Kemia, Baiolojia na Jiografia. Lakini nimekosea mambo mengi mwezi huu. Kwa nini nisiwe nimekosea hili pia? Kumbukumbu za binadamu ni dhaifu, utafiti umeonyesha. Nimempigia kaka yangu Respicius, Bukoba, afungue sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mama atazame cheti.

Vumilia amefanya mtihani wake leo mchana. Sijamuuliza.

Jumanne, 21 Aprili

Respicius ametuma picha. Kemia C. Baiolojia B. Jiografia A.

Chini ya picha ameandika: "Mdogo wangu, ulifikiri Fizikia itaota sandukuni?"

Nakumbuka sasa, na ningependa kutokumbuka. Kidato cha tano, wiki ya kuchagua. Mwalimu wa Fizikia alikuwa akirusha chaki na hakukosa shabaha. Mwalimu wa Jiografia alikuwa amebandika ukutani ramani yangu ya milima ya Ruwenzori, niliyoipaka rangi, na wasichana walikuwa wakipita kuitazama. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilitaka kubandikwa ukutani tena. Ndiyo sababu. Sioni nyingine, na nimetafuta usiku kucha.

Ramani ilianguka muhula ule ule. Mchwa.

Leo nikirudi kutoka kazini nilikosea njia ya kutokea kwenye Beltway, barabara kuu ya mzunguko, nikazunguka hadi Maryland na kurudi. Jiografia A.

Alhamisi, 23 Aprili

Vumilia amefaulu. Nyaguthii alitangaza chumba cha chakula, mbele ya wazee, na wazee wawili walilia, mmoja kwa sababu nyingine.

Nilimpongeza. Nikamuuliza mtihani ulikuwaje. Akasema maswali mengi hakuyajua hata kidogo, lakini alikumbuka habari za Sista wangu, basi hakuacha hata moja wazi. Alikisia yote. "Nyaguthii alisema huku jibu baya halikatwi, dada. Nilikuwa nikijaza C tu."

Nilikwenda chooni nikafungua bomba.

Mtihani usiokata! Mtihani wa Sista! Katika nchi hii yote kulikuwa na mlango mmoja uliotengenezwa kwa funguo nilizonazo mimi, na nilimpa mwenzangu, nikabaki na kanuni za Fizikia mgongoni mwa fomu.

Ukumbi keshokutwa. Niliamua kufa kwa heshima. Niliendesha hadi Upper Marlboro kwa Kalisti na maungamo niliyoyaandika katika sehemu tatu: usuli, kosa, ombi la msamaha. Nilifika sehemu ya pili akanizuia. Alitaka kujua jambo moja tu: keki ilikuwa imeshaandikwa au bado?

Nikasema sifahamu. Nikasema, Bwana Kalisti, nakuambia siendi India, sikupata alama, sikupata kiti, hakuna kamati ya kuniaga, ivunjwe.

Alinitazama kwa huruma. "Dada Domina, kamati haivunjwi. Kamati hubadilishiwa ajenda."

Akapiga simu tatu. Ndani ya robo saa sherehe ya kumuaga Domina ikawa sherehe ya kumpongeza Vumilia. Ukumbi ule ule, pilau ile ile, sare ile ile. Binzari inafaa unesi pia, alisema katibu. Nami nimepewa dakika tano za kutoa nasaha, nikiwa dada mkubwa.

Hakuna aliyenikasirikia. Hakuna hata aliyeuliza asilimia 160 zilikwenda wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu kubwa, ya kusimuliwa miaka mingi. Hata kwa hiyo alama zangu hazikutosha.

Jumapili, 26 Aprili

Yamekwisha. Nayaandika yalivyokuwa, ili angalau nami nijifunze kitu.

Wanawake arobaini wa rangi ya binzari. Vumilia katikati yao, anang'aa, mwembamba, akipangusa macho kwa kilemba. Keki ilikuwa imeandikwa tayari. Kamati ndogo ya chakula walikuwa wamekwangua "Daktari" na kuandika "Nesi" kwa krimu, lakini D ilikuwa imezama sana na bado ilionekana, kama mtu anayechungulia dirishani kwenye sherehe asiyoalikwa. Kipande chenye D niliomba mimi. Nilikila nyuma ya ukumbi, nimesimama. Kilikuwa cha limau.

Nyaguthii alinifuata huko. Alikuwa na sahani, akaila bila haraka, kisha akasema bila kunitazama, "Vumilia ni msichana mzuri. Lakini mimi nilikuwa nimeandika wewe. Miaka kumi na moja naona vile unashika hawa wazee, Domina. Kwani ulifikiri nilikuwa nakuchezea?"

Nilikuwa na majibu manne na sikuwa na hakika na hata moja, kwa hiyo swali nililiacha wazi.

Akafungua mkoba, akanipa fomu mpya. Mwezi wa tisa watampeleka mwingine. "Hii nimeandika jina lako mimi mwenyewe kwa kalamu. Usipee mtu. Usipikie juu yake. Saini tu." Akanigusa bega, akarudi kucheza.

Nilisimama pale na fomu mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini nikaona jambo zima kwa uwazi: nani alinitakia mema, nani alinidanganya, na kwamba huyo wa pili nilikuwa mimi. Nilikusudia kusaini papo hapo. Kalamu nilikuwa nayo.

Ndipo Kalisti akaniita kwa nasaha.

Nilianza vizuri. Nilimpongeza Vumilia. Nikasema unesi ni wito. Makofi, ya kiasi. Lakini wanawake arobaini walikuwa wakinitazama kwa namna fulani, kwa ule upole wanaopewa wafiwa, na mmoja akanong'ona, pole yake, maskini. Nilimsikia.

Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba watu wasihuzunike, India haijafutwa, imesogezwa tu. Kwamba mwakani ninarudi Tanzania kufanya Fizikia ya kidato cha sita, mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba maandalizi yangu yanatosha.

Kisha vigelegele vilivyotikisa bati za pilau! Kalisti alininyang'anya kipaza sauti. "Daktari!" alisema. Akaunda kamati palepale. Nilimwona Nyaguthii akiweka sahani yake chini polepole sana, na Vumilia akifunika uso kwa kilemba.

Je, nilikosea? Nimelipima usiku huu kwa makini. Hoja za upande wa pili zina uzito, sikatai. Lakini mwaka ni mrefu, Fizikia ni somo moja tu, na mtu mwenye shahada hawezi kukosa alama ya kufaulu somo moja. Katibu ameuliza rangi ya kitenge cha safari hiyo. Nimependekeza zambarau.

Fomu ya Nyaguthii iko hapa mezani. Karatasi yake ni nzito kuliko ile ya kwanza, na mgongo wake mweupe kabisa. Nimeanza na sheria ya kwanza ya Newton: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kinachokwenda huendelea kwenda vile vile, mpaka kisukumwe na nguvu kutoka nje.

Nimeisoma mara tatu. Sioni itanisaidia wapi, lakini nimeinakili.